Gemu kwa Bei ya Kampala: Kucheza bila Kraki na bila Kufilisika

Gemu mpya kubwa siku hizi huuzwa dola 69.99. Ukipiga hesabu ya dola moja kwa shilingi 3,600, hiyo ni takriban 252,000, kodi ya mwezi ya muzigo mmoja (chumba cha kupanga) katika mitaa mingi ya Kampala. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mchezaji wa Afrika Kusini hulipa kwa randi, wa India kwa rupia, wa Brazil kwa reali, na wachapishaji wengi huwashushia bei kulingana na vipato vya kwao. Shilingi ya Uganda haimo kwenye orodha ya sarafu za Steam. Mteja wa Ntinda anatozwa dola zilezile anazotozwa mtu wa New York.

Upande wa PlayStation ndiyo balaa zaidi, kwa sababu PSN, mtandao wa akaunti na duka la PlayStation, haiitambui Uganda kabisa. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu hiyo iliondolewa dukani katika nchi 177 zisizo na huduma hiyo, Uganda ikiwemo. Hela ziko mfukoni na muuzaji hazitaki. Gabe Newell, mkuu wa Valve inayomiliki Steam, alisema mwaka 2011 kwamba uharamia wa gemu ni tatizo la huduma kuliko bei. Kwetu ni vyote viwili.

Basi si ajabu mtu akienda na flashi kwenye library ya filamu (kibanda cha kunakilia filamu) pale Wandegeya na kurudi na gemu tatu za kraki, yaani zilizovunjwa kufuli ya kuzuia kunakiliwa, kwa elfu chache. Kisheria hilo ni kosa, Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo na vitabu. Ila kinachomuumiza mchezaji haraka zaidi ni kile kinachokuja pamoja na gemu ndani ya flashi. Tuanze na hicho, kisha twende kwenye njia za kupata gemu kwa hela ndogo.

Kilichomo ndani ya kraki

Anayevunja kufuli ya gemu hapati mshahara. Wapo wanaofanya kwa sifa, lakini kati yao na flashi yako faili imepita mikono mingi, na yeyote kati yao anaweza kuongeza chake. Juni 2021 kampuni ya Avast ilieleza kirusi ilichokiita Crackonosh, kilichofichwa ndani ya nakala za kraki za NBA 2K19, GTA V, Far Cry 5, The Sims 4, PES 2018 na nyingine. Kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya 222,000, kikachimba sarafu ya kidijitali ya Monero yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Ujanja wake ulikuwa huu: kiliiwasha Windows katika hali ya Safe Mode, ambako antivairasi hailindi, kikaifuta antivairasi yenyewe, kisha kikarudisha kompyuta kama kawaida. Mwenye laptopu aliona tu feni inavuma na yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zinakwisha mapema.

Mchimba sarafu ni mgeni mpole. Wabaya ni wawili. Wa kwanza ni mwizi wa nywila kama RedLine au Lumma: huingia, huchota nywila na kuki zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, huzituma kwa bwana wake, na mara nyingi hujifuta. Kazi yote haichukui hata dakika chache. Kuki ndizo hatari zaidi, maana aliye nazo huingia kwenye barua pepe yako kama aliyekwisha kujitambulisha, bila kuulizwa nywila wala namba ya kuthibitisha. Wa pili ni STOP/Djvu, kirusi cha kufunga mafaili kinachopenda sana kusafiri na kraki. Picha, kazi za chuo na hesabu za duka hupata jina jipya lenye herufi za ziada mwishoni, na kila folda huachiwa faili la _readme.txt likidai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Gemu yenyewe ilikuwa dola 60.

Ukikabidhiwa faili usilo na uhakika nalo, iwe la gemu, modi (nyongeza ya gemu) au "trainer" (programu ya kudanganyia kwenye gemu), dalili zinazotosha kulikataa ni hizi.

Faili la ZIP au RAR lililofungwa kwa nywila, na nywila imeandikwa pembeni, mara nyingi 1234 au mwaka. Nywila hiyo haimzuii mtu yeyote. Kazi yake ni kuizuia antivairasi isichungulie ndani.

Faili la kusakinisha lenye MB 700 au 800 ambalo ukilibana linabaki MB 5. Limejazwa sifuri kwa makusudi, kwa sababu VirusTotal, tovuti ya kuchunguza mafaili, haipokei faili linalozidi MB 650. Faili halisi la gemu huwa limekwishabanwa na mtengenezaji, halipungui hivyo.

Maelekezo ya "zima antivairasi kwanza". Ni kweli kraki nyingi hupigiwa kelele na Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, hata zisipokuwa na kirusi, na ndiyo maana wezi wanaupenda usemi huo: umekwishazoeshwa kutii.

Kraki ya gemu mpya yenye kufuli ya Denuvo inayotangazwa siku ileile gemu ilipotoka. Denuvo, ambayo FIFA 15 ilikuja nayo mwaka 2014, mara nyingi imechukua wiki au miezi kuvunjwa, na gemu nyingine hazivunjwi. Anayekupa siku ya kwanza huenda anakupa kitu kingine. (Denuvo nayo haina huruma kwa mteja halali: huomba intaneti kuthibitisha leseni, na ukiwa umeishiwa bando siku hiyo, gemu uliyoilipia inabaki kukutazama.)

Jina lenye mikia miwili, kwa mfano FC_setup.mp4.exe. Windows huficha mkia wa mwisho. Fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions, na usiitoe tena.

Flashi za library zina ugonjwa wao wa siku nyingi: unaichomeka, unakuta folda zote zimegeuka "shortcut". Mafaili hayajafutika, yamefichwa tu, na kila unapobofya shortcut unakiendesha kirusi. Usibofye. Fungua Command Prompt, na kama flashi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, na folda za kweli zitajitokeza. Futa shortcut zote na faili lolote la .vbs, .js au .lnk usilolijua, kisha ichunguze flashi kwa Defender kabla ya kunakili kitu. Kama tatizo linarudi kila ukichomeka flashi safi, mgonjwa ni laptopu.

Kusafisha laptopu iliyokwisha kuonjeshwa

Fuata mpangilio huu. Watu wengi huanzia katikati, wakabadilisha nywila kwenye mashine ambayo bado inaibiwa.

1. Kata intaneti. Zima Wi-Fi na uchomoe modemu.

2. Kwa simu au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha benki, kisha Steam na mengineyo. Kwenye kila akaunti tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Nywila mpya peke yake si kila mara huzifuta kuki zilizoibwa, ila kitufe hicho huzifuta.

3. Kwenye laptopu fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Hapo ndipo kraki hujiandikisha ili isiguswe. Ukikuta C:\ nzima imesamehewa, umempata. Ondoa kila kitu usichokiweka mwenyewe.

4. Rudi nyuma, chagua Scan options, kisha Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Laptopu itajizima na kujiwasha, itachunguza kama dakika 15 kabla Windows haijaamka. Hakikisha iko kwenye umeme, maana betri za mitumba hazifiki.

5. Mchimba sarafu hujificha ukifungua Task Manager: feni inatulia papo hapo, ukiifunga inaanza kuvuma. Ukiona hivyo, tazama Task Scheduler Library kama kuna kazi yenye jina la ajabu inayoanza kila mara kompyuta ikiwashwa. Andika pia msconfig kwenye Run, ukurasa wa Boot, uone kama Safe boot imewekwa tiki bila wewe.

6. Kama Defender imefutwa, haifunguki, au inajizima tena baada ya kuwashwa, acha kupambana. Pata flashi ya GB 8, tengeneza Windows mpya kwa Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft ukitumia kompyuta nyingine, futa diski yote na uanze upya. Fundi atakayekuwekea Windows iliyokrakiwa ili kukutoa kwenye gemu ya kraki hajakusaidia kitu.

Ukikutwa na STOP/Djvu, hatua ya 6 isubiri. Nakili kwanza mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje. Kisha fungua C:\SystemID\PersonalID.txt. Kitambulisho kikiishia na t1, kirusi hakikuweza kuifikia seva yake kikatumia ufunguo wa ndani ambao ni wa pamoja, na programu ya bure ya Emsisoft inaweza kuyafungua mafaili ikiwa ufunguo huo umekwisha kupatikana. Kisipoishia na t1, yatunze mafaili, usilipe, na upitie tovuti ya No More Ransom mara kwa mara. Kirusi hiki hufunga takriban KB 150 za mwanzo tu za kila faili ili kifanye haraka, kwa hiyo video ndefu na nyimbo mara nyingi hurekebishika hata bila ufunguo. Waraka wa Word wenye KB 40 umekwenda wote. Na kumbuka Djvu mara nyingi huja na mwizi wa nywila ubavuni, basi hatua ya 2 inakuhusu.

Kununua bila kulia

Kabla ya kufungua Steam, zima VPN. Wengi Uganda wamezoea kuiacha inawaka tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, na hilo ndilo linalowaponza: duka linaona uko India au Uholanzi, linabadilisha sarafu, kadi yako ya Uganda inakataliwa. Mkataba wa Steam unakataza kuficha ulipo ili upate bei ya nchi nyingine, na akaunti inaweza kufungiwa manunuzi. Ukiingia dukani, bei lazima ionyeshe $.

Kadi ikikataliwa, sababu huwa chache. Benki nyingi hutoa Visa au Mastercard ambayo haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Omba wakufungulie, na hakikisha namba ya simu waliyonayo ndiyo inayopokea ujumbe wa kuthibitisha. Sababu nyingine ni salio la kubana sana: benki hubadilisha dola kwa kiwango chake na kuongeza ada, hivyo acha asilimia 5 zaidi ya bei. Fomu ikilazimisha msimbo wa posta, ambao mitaa yetu haina, andika 00256. Asiye na akaunti ya benki anaweza kutumia kadi pepe inayojazwa kwa mobile money. Ikikataa mara mbili, acha. Ukijaribu mara nyingi mfululizo Steam hukufungia kwa saa kadhaa, na hapo hata kadi nzima haipiti.

Sasa bei. Usinunue gemu wiki inayotoka isipokuwa wenzako wote wako humo. Fungua tovuti ya SteamDB au IsThereAnyDeal, andika jina, utaona bei ya chini kabisa gemu hiyo iliyowahi kufika. Hiyo ndiyo bei yake kwako, nyingine zote ni za wenye haraka. Misimu mikubwa ya punguzo Steam ni mwisho wa Juni na wiki ya Krismasi, na kuna midogo katikati. Left 4 Dead 2 na Portal 2, ambazo bei yake ni dola 9.99, hushuka mara kwa mara hadi senti 99, yaani bei ya rolex moja (chapati iliyoviringishiwa mayai) pale barabarani. Terraria hupungua hadi nusu ya dola 9.99. Zipo pia zenye kiburi: Factorio haijawahi kuwekewa punguzo, na Januari 2023 ilipanda kutoka dola 30 hadi 35. Hiyo usiisubiri.

Laptopu nyingi za mitumba za Kampala, zile EliteBook na Latitude, hazina kadi ya grafiki ya pekee, na maelezo ya dukani hayatoshi kukuambia gemu itaendaje. Tumia haki ya kurudisha: Steam hurudisha hela ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Saa hizo zinahesabika hata ukiwa umeganda kwenye ukurasa wa mipangilio, basi ingia moja kwa moja kwenye sehemu nzito ya gemu, mjini au vitani, uone kama inakwama. Ukiomba kurudishiwa, chagua hela ziende kwenye pochi ya Steam. Zikirudi kwenye kadi, benki itakubadilishia dola mara ya pili na utapoteza tena.

Masoko ya funguo za bei chee, kama G2A na Kinguin, yachukulie kwa tahadhari. Ufunguo ukinunuliwa kwa kadi iliyoibwa, mtengenezaji hubaki akidaiwa na benki, na ufunguo wako unaweza kuzimwa miezi baadaye. Mwaka 2020 G2A ilikubali kuilipa Wube, watengenezaji wa Factorio hiyohiyo, dola 39,600 baada ya kuthibitika kwamba funguo 198 zilizopita sokoni hapo zilikuwa za wizi.

Epic Games Store ndiyo njia rahisi kuliko zote, na watu wanaidharau. Tangu Desemba 2018 hugawa gemu bure, na mgao hubadilika kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, au saa moja miezi ambayo Marekani imerudisha saa nyuma. Haihitaji kadi, bali akaunti tu, na mara nyingine uthibitisho wa hatua mbili. Jambo wengi wasilolijua: huhitaji kompyuta wala bando kubwa kuidai. Ingia kwa kivinjari cha simu, bofya Get, maliza. Gemu imekuwa yako, utaipakua hata baada ya miaka mitatu ukipata mashine. Anayedai kila Alhamisi kwa mwaka mmoja ana maktaba kubwa kuliko flashi yoyote ya mjini.

GOG, duka jingine la mtandaoni, nao wana faida moja inayofaa mahali penye intaneti ya kupimiwa: gemu zao hazina kufuli. Unapakua faili za kusakinisha, unaziweka kwenye diski ya nje, na utazisakinisha tena bila intaneti siku yoyote. Tofauti yake iliwaumiza wengi tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft ilipozima seva za The Crew na walioinunua wakashindwa kuifungua hata kucheza peke yao. Kipindi cha kurudisha hela GOG ni siku 30.

Kama nyumbani mko ndugu kadhaa, Steam Families, iliyokamilika Septemba 2024, huruhusu watu hadi 6 wa kaya moja kuchangia maktaba. Wawili hawawezi kucheza nakala moja kwa wakati mmoja, lakini kaka anaweza kucheza gemu moja ya dada huku dada akicheza nyingine. Chagua wa kuingiza kwa makini: nafasi ikiachwa wazi hukaa mwaka mzima, na mdogo wako akidanganya kwenye gemu yako akafungiwa, nawe unafungiwa gemu hiyo. Mjomba mwenye tabia ya kutafuta "aimbot" (programu ya kumlengea shabaha) abaki nje.

Kwa asiye na shilingi kabisa: eFootball, Dota 2, Counter-Strike 2 na Warframe ni bure kwa ruhusa ya wenyewe. Na kwa laptopu dhaifu, SuperTuxKart, OpenTTD, 0 A.D. na Battle for Wesnoth ni programu huria: unaruhusiwa kuzinakili kwenye flashi na kumgawia jirani.

GB 100 bila kuyeyusha bando

Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 22, mradi umeme usikatike. Hapa ndipo hata mwenye leseni halali hukata tamaa akarudi kwa mtu wa flashi. Hana haja.

Tangu Februari 2023 Steam ina njia ya kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja. Wewe unahitaji leseni yako, rafiki anahitaji kuwa na gemu hiyo imesakinishwa na imesasishwa. Kwenye mashine yake: Steam, Settings, Downloads, shuka hadi Game File Transfer over Local Network, badilisha kutoka Only myself kwenda Friends only. Nawe fanya vivyo hivyo. Kisha bofya Install kwako. Ikienda sawa, ukurasa wa upakuaji utaandika kwamba faili zinatoka kwenye kompyuta ya rafiki. Bando linalotumika ni la kuingia Steam tu.

Isipomwona mwenzake, tazama haya kwa mpangilio. Mtandao wa Windows uko Public badala ya Private, hivyo ukuta wa moto unazuia. Au rafiki anacheza gemu wakati huohuo. Au toleo lake ni la zamani, na Steam inaona heri ipakue jipya. Au ruta, hasa zile ndogo za kubebea mfukoni, imewekwa kutenganisha vifaa visionane.

Tumia waya. Kebo ya Cat5e kwenye ruta ya gigabiti huhamisha hadi MB 110 kwa sekunde, GB 100 zikaisha kwa dakika 15 hivi kama pande zote mbili zina SSD. Kwa Wi-Fi ya kawaida iliyobanana ya hosteli, MB 5 kwa sekunde ni jambo la kushukuru, na hiyo ni zaidi ya saa 5.

Pasipo ruta, beba diski ya nje. Nakili folda ya gemu kutoka steamapps\common ya rafiki, ibandike kwenye steamapps\common yako ikiwa na jina lilelile, kisha bofya Install. Steam itasema inatafuta faili zilizopo, itazihesabu, na kupakua pengo dogo tu. Ikishindwa, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, Verify integrity of game files. Na diski isiwe FAT32, kwa sababu haibebi faili moja linalozidi GB 4, na gemu za leo zina mafaili ya GB 20. Igeuze exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo.

PS4 na diski za mitumba

Kwa kuwa PSN haituhesabu, diski ndiyo mali ya uhakika: diski za PS4 hazina kufuli ya nchi, unanunua, unacheza, unauza. PS5 isiyo na tundu la diski usiinunue ukiwa huku, hata ikiwa na bei ya kushawishi.

Tazama kava. Alama ya PEGI ni diski ya Ulaya, ESRB ni ya Marekani. Diski itacheza popote, ila vya kuongezea, kama pointi za EA FC, lazima vitoke duka la eneo la diski. Watu wengi hufungua akaunti ya Uingereza au Afrika Kusini, lakini nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na masharti ya Sony yanataka anwani ya kweli. Usijaze humo hela ambazo ungeumia zikipotea.

Igeuze diski chini ya taa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi husomeka. Unaozunguka kufuata duara ndio unaoua, kwa sababu hufunika data nyingi zinazofuatana. Muuzaji akikuambia itasafishwa kwa dawa ya meno, anakumbuka PS2. Kwenye DVD data imelala milimita 0.6 ndani, unaweza kuisugua. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na dawa ya meno inachubua ile ngozi ngumu inayoikinga.

Na mashine yenyewe: nenda Settings, System, System Information. Programu ikiwa imebaki kwenye 9.00 au 11.00 na muuzaji anakusihi "usiisasishe kamwe", hiyo imechezewa ili isome gemu za bure. Haiingii PSN bila kusasishwa, gemu zinazodai programu mpya hazifunguki, na ikiwa ilikwisha kufungiwa na Sony, imefungiwa hata mikononi mwako. Kabla ya kutoa hela, washa hotspot ya simu na uingie PSN mbele yake.

Kuilinda akaunti

Wezi wengi hawavunji kitu, wanaomba tu. Rafiki yako wa Steam, ambaye naye ameibiwa, anakuandikia "ipigie kura timu yangu" na kiungo. Dirisha la kuingia Steam linafunguka, anwani juu inaonekana sahihi. Jaribu kuliburuta litoke nje ya kivinjari. Dirisha la kweli litatoka. La uongo limechorwa ndani ya ukurasa, halivuki ukingo.

Washa Steam Guard, uthibitisho wa hatua mbili wa Steam, kwenye simu. Ukishaibiwa, kubadilisha nywila hakutoshi: fungua steamcommunity.com/dev/apikey, na ukikuta ufunguo ambao hukuuomba, ufute, maana ndio unaomwezesha mwizi kugeuza mabadilishano yako ya vitu yaende kwake. Tunza risiti ya manunuzi yako ya kwanza, kwani Steam huomba uthibitisho wa malipo ili kukurudishia akaunti. Steam Guard pia hukupa namba ya dharura inayoanza na herufi R. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye foleni ya Old Taxi Park, namba hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani, kwa hiyo usiipige picha kwa simu hiyohiyo. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho cha taifa.